Jibu Bila Utani

RAHELI: Haloo? Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, huku Kibaigwa malori yananguruma.

ANUARI: Haloo. Shemeji Raheli? Ni Anuari. Wa kiwandani, Dodoma.

RAHELI: Anuari yupi? Yule Mnyamwezi mla michembe anayefanya kazi na mume wangu?

ANUARI: Ndiye. Habari za huko, shemeji?

RAHELI: Shemeji, tangu lini? Jumapili ulisimama mlangoni kwangu ukaniita Mgogo mla mlenda, majirani wakasikia. Leo shemeji. Umefumaniwa?

ANUARI: Hii ni simu ya Elieza dalali, sio?

RAHELI: Ya Elieza. Yuko hapa kanikodolea macho, anasema chaji ndogo. Nimekuja kuuza mahindi. Haya, sema upesi.

ANUARI: Niko ofisini kwa meneja. Huyu mgeni, aliyekuja na hao walionunua kiwanda. Simu ni yake. Nina swali, shemeji. Unijibu bila utani.

RAHELI: (anacheka) Mnyamwezi na Mgogo, bila utani. Sasa tutaongea nini?

ANUARI: Tafadhali.

RAHELI: Haya, nimevaa uso wa kanisani. Uliza.

ANUARI: Obedi anakunywa?

RAHELI: Ana— nini? Mtandao unakwaruza.

ANUARI: Pombe. Obedi huwa anakunywa? Leo alipotoka nyumbani, alikuwa amekunywa?

RAHELI: (anacheka mpaka anakohoa) Jamani. Elieza, njoo usikie. Mzee wa kanisa anaulizwa habari za pombe na Mwislamu anayetoka kuswali alfajiri akaenda kuponda zabibu.

ANUARI: Ndiyo au hapana tu, shemeji.

RAHELI: Ndiyo, mtani. Anakunywa tangu alipoachishwa ziwa. Leo kabla ya uji alimaliza ndoo.

ANUARI: Raheli, usiseme—

RAHELI: Ngoja nimalize, umeuliza mwenyewe. Ukimchoma mwiba inatoka divai nyekundu. Akilala analewa yeye, mimi naamka na kichwa kinauma.

ANUARI: Nyamaza, nakuomba. Siko peke yangu hapa.

RAHELI: Umeoa wa pili? Mpe simu nimpe pole.

(Mtandao unakwaruza.)

RAHELI: Mtani? Mbona hunirudishii?

ANUARI: Simu imewekwa kwenye spika.

RAHELI: Spika ndiyo nini?

ANUARI: Unayosema yanasikika chumba kizima. Meneja anasikia. Karani wake anamfasiria, neno kwa neno.

RAHELI: Amfasirie basi kwamba Mnyamwezi leo kashindwa. Anuari? Kwa nini hunitukani?

ANUARI: Asubuhi Obedi aliingia kwenye tangi kutoa machicha ya zabibu.

RAHELI: Si ndiyo kazi yake kila msimu.

ANUARI: Ile hewa mbaya ya divai inayochacha ilikuwa bado imejaa.

RAHELI: Aa, hiyo naijua, hanihadithii kingine. Mnashusha mshumaa ndani kwanza. Ukizimika, hakuna anayeingia, mnakaa kivulini mnapiga soga mpaka hewa itoke. Kwa hiyo mlikaa.

ANUARI: Hatukukaa.

RAHELI: Mshumaa je?

ANUARI: Ulizimika.

RAHELI: Ukazimika, na akaingia? Obedi ninayemjua mimi? Nani alimwambia aingie?

(Karani anasikika kwa mbali, anafasiri.)

RAHELI: Anuari, nani alimwambia mume wangu aingie?

ANUARI: Nimekwambia siko peke yangu hapa.

RAHELI: Yuko hospitali. Nakuja. Elieza, nitafutie lori, lolote linaloelekea Dodoma, mahindi yaache hapo—

ANUARI: Tulimpeleka hospitali. Daktari hakuwa na la kufanya.

RAHELI: Sikusikii.

ANUARI: Umenisikia, shemeji.

RAHELI: Usiniite hivyo. Niite mla mlenda. Niite ombaomba, sitakasirika. Mtani huingia hata kaburini akagoma kutoka, waliofiwa wakacheka na machozi yao. Na wewe nitanie.

ANUARI: Siwezi. Nimemtoa mle ndani kwa mikono yangu. Amefariki, Raheli.

(Lori linapita.)

RAHELI: Ulijua.

ANUARI: Raheli—

RAHELI: Ulipokuwa unapiga ulishajua. Ukaniacha nicheke. Mume wangu amelala chumba cha maiti na wewe unanisikiliza ninavyocheka.

ANUARI: Waliniamuru nikuulize kwanza, msiba baadaye. Walisema ukishajua amekufa utamtetea. Kama alikunywa, kosa ni lake. Kama hakunywa, kosa ni la aliyemwingiza.

RAHELI: Na wewe ukakubali.

ANUARI: Nilijiombea mwenyewe kupiga. Karani alitaka apige yeye. Nikasema, mimi ananijua, atanijibu. Nilijua utasema hanywi. Mtaa wenu wote wa Kikuyu unajua hanywi.

RAHELI: Laiti angepiga karani. Karani ningemjibu.

ANUARI: Najua.

RAHELI: Hajawahi, Anuari. Hata kikombe cha Meza ya Bwana anagusisha midomo tu, basi. Miaka yote anaitengeneza hiyo divai, hajui hata ladha yake.

ANUARI: Najua, Raheli. Najua.

RAHELI: Huyo mtu bado yupo hapo?

ANUARI: Yupo. Anavaa koti.

RAHELI: Mwambie. Mwambie sasa hivi, nikiwa nasikia. Mwambie nilikuwa nakutania.

ANUARI: Subiri. (Sauti za mbali. Kiti kinaburutwa.) Nimemwambia. Karani amemfasiria.

RAHELI: Anasemaje? Upesi, chaji inakwisha, Elieza ananionyesha.

ANUARI: Anasema asante. Anasema hakuna anayemjua mtu kuliko mke wake, na mke ameshasema.

RAHELI: Nilikuwa natania! Umemwambia neno lenyewe? Utani?

ANUARI: Nimemwambia. Anauliza utani ni nini.

RAHELI: Mweleze. Mweleze, mtani wangu, Mgogo na Mnyam—

(Simu inazimika.)