Mzee Leopoldi na Filamu ya Jambazi Aliyejifanya Daktari

Wachungaji, wazee wetu, majirani wa hapa West Side ya Buffalo, na ninyi mliotoka Louisville na Columbus kuja kumsindikiza mzee wetu, familia imeona maisha yake yasomwe hapa kama yalivyokuwa, kwa sababu tangu msiba utangazwe tumesikia watu wakiyasimulia kwa namna nyingine, na jambo hilo limetuchosha.

Marehemu Leopoldi Ntirampeba alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Makamba, Burundi, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Zenoni na mama Kanyana, na mwaka 1972 alivuka mpaka kuingia Kigoma akiwa ameshika upindo wa kanga ya mama yake. Alimaliza darasa la saba, akaendelea na sekondari hadi kidato cha pili, ambako alisoma Kiingereza kwa kitabu kimoja kilichozunguka darasa zima, na tunaomba mlikumbuke hilo, kwa maana wengi wamemhukumu kana kwamba alisoma ng'ambo.

Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na mama Generoza, wakajaliwa watoto watatu, Delfina, Ferdinandi na Leya, akawalea kwa cherehani, hadi mwaka 1998 alipofungua banda la video katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila pamoja na rafiki yake Samsoni, Samsoni akishughulika na jenereta na yeye akishughulika na maneno, maana filamu zilikuja kwa Kiingereza na watu walitaka kucheka kwa Kiswahili.

Katika kanda walizonunua sokoni Kasulu ilikuwemo moja isiyo na jalada, filamu ya zamani ya Amerika, nyeusi na nyeupe, ya jambazi mkuu aliyemdanganya mama yake kijijini kwamba yeye ni daktari, mama akafunga safari kuja kumwona, na genge zima, bastola zikiwa viunoni, likalazimika kuvaa makoti meupe na kupima watu homa. Mwisho wa kanda ile ulikuwa umetafunwa na mashine, picha ikikatika pale mama anapoingia mlangoni, kwa hiyo Leopoldi aliimalizia kwa mdomo gizani, kwamba mama alimtazama mwanawe kuanzia juu hadi chini, akasema, "Daktari gani huyu asiye na sindano?", na jambazi akapiga magoti, akalia. Wanaume wagumu wa kambi walitoka bandani wakijifuta macho, na neno lile likaenda bombani, likaenda kwenye foleni ya mgao, likafika hata kwenye kwaya, na kila aliyejigamba bila kitu alijibiwa hivyo hivyo, daktari gani huyu asiye na sindano.

Familia ilifika Louisville, Amerika, tarehe 22 Mei 2008, marehemu akafanya kazi katika kiwanda cha kufungasha nyama, na mwaka 2011 wakahamia Whitehall, Columbus, akawa mtunzaji wa wazee huko Gahanna. Huko alimwigizia mzee mmoja Mwamerika jambazi anayeshika kipimo cha mapigo ya moyo kama bastola, na mzee yule akacheka hadi akakohoa, akasema filamu hiyo aliiona utotoni ukumbi ukiwa umejaa mpaka kwenye ngazi, akamtajia jina la filamu yenyewe. Leya akaitafuta kwenye intaneti, akaipata, na Jumamosi tarehe 27 Desemba 2014, katika ukumbi wa kanisa Whitehall, watu wa kambini walijaa na watoto wao, Leopoldi akasimama kando ya ukuta kufasiri.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Vijana waliokulia katika Kiingereza walianza kunong'onezana, kisha Ferdinandi, mwanawe wa kumzaa, akasema wote wakisikia, "Baba, hasemi hivyo," ukumbi ukacheka, na mwisho ulipofika mama hakugundua lolote, hakuna aliyepiga magoti, mama alipanda treni akipunga mkono, akijivunia mwanawe daktari, na majambazi wakavua makoti wakarudi kuiba. Mtu mmoja, ambaye hatutamtaja ingawa yumo humu ndani, akapaza sauti, "Mzee Leo, kumbe miaka yote ulikuwa unatupiga kamba!" Marehemu aliketi.

Alimwambia mama Generoza kwamba anataka jambo moja tu, filamu ionyeshwe tena sauti ikiwa imezimwa, aifasiri mpaka mwisho wake yeye, kisha watu waamue kama waliibiwa au walipewa. Columbus wakasema zamu za kazi ghalani zimebana. Louisville wakaahidi Pasaka ya 2015, halafu kamati ikaona majambazi hawafai kuingizwa kanisani, kana kwamba Bwana hakusulubiwa kati ya wanyang'anyi wawili. Agosti mwaka huo alihamia hapa Buffalo ili awe karibu na Delfina, na Buffalo nasi tukasema theluji, tukasema waya wa projekta umepotea, tukasema mahafali ya watoto, na kwa kila ahadi alipiga pasi shati lake la bluu, na kila mara mama Generoza alilirudisha kwenye hanga.

Machi 2016 figo zake zilianza kushindwa, na tarehe 28 Septemba alilazwa. Ijumaa tarehe 7 Oktoba aliingia daktari kijana, mikono ikiwa mifukoni mwa koti jeupe, Leopoldi akamtazama kuanzia juu hadi chini, akasema kwa sauti ndogo, "Daktari gani huyu asiye na sindano?" Daktari akauliza mgonjwa amesema nini, na Leya, aliyekuwa akifasiri, akamjibu kwamba baba anashukuru kwa jinsi anavyomhudumia, daktari akafurahi, akainama, akaushika mkono wa mgonjwa kwa mikono yake miwili. Ferdinandi alikuwa amesimama dirishani, Kiingereza anakijua kuliko sisi sote, na hakusahihisha. Marehemu alicheka mpaka mashine ikalia, muuguzi akaja mbio.

Alifariki Jumapili tarehe 9 Oktoba 2016, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na minne, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, pamoja na kijana yule, ambaye sindano alikuwa nazo na alizitumia kwa upole, majirani waliopika tangu Jumapili bila kuombwa, wafanyakazi wenzake wa Gahanna waliofika na maua, na Samsoni, aliyekuja kwa basi kutoka Louisville na goti lake bovu.

Leo baada ya mazishi, saa kumi na mbili jioni, filamu itaonyeshwa katika ukumbi huu, waya umepatikana, mchungaji amekubali, na mwenye zamu asitueleze habari za zamu. Sauti itazimwa. Ferdinandi atafasiri mpaka pale mama anapoingia mlangoni, na kuanzia hapo mtamalizia ninyi, maana mnajua alichosema.

Shati la bluu umelivaa, baba, limepigwa pasi. Pumzika kwa amani.