Jina Lililoachwa kwenye Kazi ya Kikundi

Katika basi la kutoka Wajir kwenda Garissa, msichana aliyeketi mbele yangu alimwambia jirani yake wa kiti kwamba anasafiri zaidi ya kilomita mia tatu ili aonekane tu chuoni. Wanafunzi wenzake waliwasilisha kazi ya kikundi bila jina lake, Barwaqo, kwa kuwa yeye husoma kwa simu kutoka kijijini kwao, Hadado.

Jirani huyo, Musyoka, mhadhiri wa chuo kingine, hakuonyesha huruma. "Kikundi ni watu wanaokaa pamoja, dada. Wewe ulichangia nini?"

"Nilihoji wafugaji ishirini kisimani, nikawatumia wenzangu sauti zao. Walizitumia zote. Lakini mambo wanakubaliana kantini, mimi siambiwi. Kwetu, mwalimu, aliyekuwa malishoni akirudi anaketishwa, anapewa habari yote. Hakuna anayemwambia, ungekuwepo. Mmoja wa wenzangu angenirekodia dakika tano tu kila baada ya kukutana."

"Mtu mzima hangoji kuletewa habari. Anauliza."

"Wallahi niliuliza. Ujumbe walisoma, wakanyamaza. Na wewe, una wanafunzi wa mtandaoni?"

"Kumi na mmoja."

"Nitajie majina yao."

Alitaja mawili upesi, kisha akageukia dirisha, ambako hakukuwa na jina lolote.

Basi likasimama kwenye kizuizi cha polisi. Tukaambiwa tushuke na vitambulisho, wanawake kule, wanaume huku. Musyoka alisimama mbele yangu kwenye foleni, na bado alikuwa analitafuta jina la tatu.