Walikuwa Watoto Wawili

Bwana asifiwe, kanisa! Hebu niseme tena, maana hiyo ya kwanza hata mimi sijaisikia. Bwana asifiwe!

Wengi wenu mnanijua. Mimi ni Nyambura. Nililelewa hapa hapa Mwiki na nikaimba na watoto katika kanisa hili likiwa bado la mabati, kabla mama hajatuhamisha kwenda Landless, kule Thika. Sasa niko mwaka wa tatu chuoni, nasomea uuguzi. Mchungaji ameniomba nisimame niseme vile Mungu amenitoa mahali. Nimekubali, lakini nawaambia mapema kwamba kuna mahali katika ushuhuda huu sielewi mpaka leo. Nikifika hapo nitasema sielewi. Tafadhali msinisukume.

Ndugu zangu, mimi nilikuwa mtu wa majibu. Darasani swali likiulizwa, mkono wangu uko juu kabla mwalimu hajamaliza. Kwa maombi nilikuwa vivyo hivyo. Mtu akinieleza shida yake, tayari nina mstari wa Biblia wa kumpa. Nilidhani imani ni kuwa na jibu.

Kisha nikapelekwa leba. Sisi wanafunzi wa uuguzi hupelekwa hospitalini kujifunza kazi chini ya wakunga wenyewe, na zamu yangu ilikuwa ya wodi ya kujifungulia. Asubuhi moja akazaliwa mtoto wa kiume, na hakulia. Alikuwa amelegea mikononi kama kitambaa kilichonyeshewa. Mkunga aliyekuwa akinisimamia alikuwa anashughulika na mama wa mtoto, ambaye alikuwa akitoka damu nyingi. Akaniambia bila kugeuka, "Nyambura, mchukue. Unajua cha kufanya."

Nikamkausha, nikamsugua mgongo, nikamlaza na kumwekea barakoa ndogo usoni, nikaanza kumpulizia hewa kwa kile kifuko cha kubonyeza. Mimi nikifanya kazi huwa naongea. Nikawa namwambia, "Kuja, baba. Pumua kidogo. Kuja." Akakunja uso, akapiga chafya. Halafu akalia! Wueh, kanisa, alilia mpaka akina mama wa vitanda vingine wakapiga makofi! Nikasema, Bwana, umenitumia.

Kabla asubuhi haijaisha, kwenye kitanda cha pembeni akazaliwa msichana. Naye hakulia.

Ndugu zangu, ni mikono hii hii. Nilifanya yale yale kwa mpangilio ule ule. Safari hii mkunga alikuwa kando yangu akitazama kila kitu, na daktari aliitwa, akaja akachukua mahali pangu na kuendelea. Niliomba kwa jina lile lile la Yesu. Huyu hakulia. Wakamfunika, wakamtoa.

Nilimuuliza mkunga, "Nimekosea wapi?"

Akasema, "Hujakosea popote. Wengine huja hivyo."

Nilimwamini. Yule mama hana sababu ya kunibembeleza, ni mkali kuliko wote. Kwa hivyo sikuwa najilaumu, na nataka mnielewe hapo, maana kila mtu aliyetaka kunisaidia alianza kwa kuniambia nisijilaumu. Shida yangu ilikuwa nyingine. Nikisema Mungu alinitumia kwa yule mvulana, kwa huyu msichana alikuwa wapi? Na kama kwa msichana ni mambo ya mwili tu, mbona kwa mvulana niseme ni Mungu? Nilizunguka na hilo swali mpaka kichwa kikawa kama chumba ambacho vitu vimehamishwa.

Sasa, chuoni kwetu kuna tawi la chama cha heshima cha wanafunzi wa uuguzi. Huchagua wachache, wenye alama nzuri na mwenendo mzuri, wanaapishwa mbele ya watu na kuvalishwa beji kifuani. Nilikuwa nimetamani hiyo beji tangu mwaka wa kwanza. Basi habari ya yule mvulana ikatoka kwenye habari za chuo pamoja na picha yangu nikiwa nimetabasamu, na ikaelezwa kwamba nimechaguliwa kuingia. Mama alizunguka na simu Landless yote. Alimwonyesha muuza nyama, akamwonyesha fundi wa viatu. Hapa kanisani pia mlisimama mkanipigia makofi, nakumbuka.

Habari ile ilikuwa ya kweli, kila neno. Ila ilikuwa na mtoto mmoja.

Wiki hiyo hiyo nilienda kuteka maji kwenye mfereji wa ploti yetu, ule wa wapangaji wote, nikamkuta mwanamke amejifunga leso kifuani, ameikaza sana, na bado imelowa mbele. Maziwa yalikuwa yakimtoka. Nikamtazama uso. Alikuwa yeye, mama wa yule msichana! Anaitwa Njoki, ni msusi, alikuwa amehamia nyumba za nyuma si zamani. Hakunitambua, kwa sababu leba nilikuwa nimevaa barakoa na kofia. Akanisalimia vizuri tu. "Sasa, jirani?" Nami nikajibu, "Poa," nikaondoka na ndoo haijajaa.

Tangu siku hiyo, kanisa, nilipotea. Nampima mgonjwa presha, nikishusha mkono nimesahau nilichosoma. Namuuliza mama mmoja jina lake, anajibu, nageuka, namuuliza tena. Siku moja nilitoka nyumbani kwenda chuoni, njia niliyoizoea, nikajikuta nimesimama karibu na soko sijui nilikuwa naenda wapi. Mikono ikawa haitaki kumgusa mtu. Ilikuwa kama si yangu.

Na ushauri ulikuwa mwingi! Mama alisema kuna watu wamenionea wivu kwa sababu ya ile picha. Mwenzangu wa darasa akasema ni uchovu, nilale. Madamu anayelea tawi letu la chama akanipeleka kwa mshauri wa chuo, mama mpole sana, akaniuliza, "Unahisi nini?" Nikamwambia sijui, naye akaandika. Mchungaji, na wewe ulifunga kwa ajili yangu, Mungu akubariki. Lakini niliinuka kwenye yale maombi nikiwa nimechanganyikiwa kama nilivyopiga magoti. Sisemi hivyo kuwavunja moyo. Ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya kuapishwa ikakaribia. Mama akasema, "Huwezi kuvalishwa beji na hiyo nywele. Nimeshaongea na jirani, atakusuka." Jirani ni nani? Njoki! Mama hakujua chochote. Nilitafuta uongo wa kusema nikakosa. Nikajikuta nimekaa kwenye kigoda, mgongo kwa magoti ya Njoki, kichwa changu mikononi mwake.

Alisuka matuta kadhaa. Halafu akavuta nywele kwa nguvu kidogo, nami bila kufikiria nikasema, "Woiye, pole pole, kuja pole pole."

Mikono yake ikasimama.

"Ni wewe," akasema. "Ni wewe ulikuwa unaongea na yeye."

Ndugu zangu, nilitaka ardhi inifunike. Sikuweza hata kugeuka kwa sababu alikuwa ameshika nywele zangu. Nikasema, "Ni mimi. Pole, Njoki. Pole sana."

Akasema, "Ulikuwa unamwita mami. Nilikuwa nimelala pale sioni kitu, nasikia tu mtu anasema, kuja, mami, pumua, mami. Wengine walikuwa wanasema 'mtoto'. Wewe ulimwita."

Hapo nililia. Nililia kama mtu ambaye hajawahi kulia, hata mafuta ya nywele yakaniingia machoni. Nikamuuliza lile swali langu, nikamuuliza yeye, ambaye sikupaswa kumuuliza. "Mbona hakupumua? Yule mwingine alipumua, mbona yeye hakupumua?"

Njoki akaachilia nywele zangu. Kisha akasema, "Haiya! Unaniuliza mimi?"

Na akacheka, kanisa. Alicheka huku analia. Nami nikacheka, sijui kwa nini nilicheka. Hapo ndipo nilipowaambia nitafika. Hapa sielewi. Tulikaa wawili bila jibu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile sikuwa peke yangu.

Alipotulia akaniambia, "Sikumwona. Waliniuliza, nikakataa kwa uchungu, halafu nilipotaka akawa ameshapelekwa. Wewe ulimwona. Niambie alikaa vipi."

Na Bwana asifiwe, nikakumbuka! Mimi niliyekuwa nasahau presha ya mgonjwa kabla sijashusha mkono, nilikumbuka kila kitu. Nikamwambia alikuwa na nywele nyingi, nyeusi, zimeshuka mpaka kwenye paji la uso. Vidole virefu. Sikio moja limejikunja kwa juu kidogo. Mdomo kama wa Njoki mwenyewe, huo wa chini umejaa. Njoki alikuwa akisikiliza amefumba macho. Akasema, "Angekuwa Wairimu, jina la mama yangu." Nikageuka, nikamshika mikono, yote miwili, imejaa mafuta. Na ile mikono iliyoshika ilikuwa yangu. Niliihisi ni yangu! Haleluya!

Mtu ataniuliza, Nyambura, ulifunguliwa saa ngapi? Ni hapo. Hakuna aliyeweka mkono juu yangu kukemea kitu. Nilifunguliwa kwenye kigoda, nikiwa nimesukwa upande mmoja.

Siku ya sherehe nilienda na mama, amevaa ile suti yake ya harusi za watu. Ukumbi wa chuo ulijaa. Madamu alinivalisha beji, akasoma ile habari ya mvulana, watu wakapiga makofi. Kisha akanipa kipaza sauti niseme neno. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya shukrani. Sikuisoma.

Nikasema, "Walikuwa watoto wawili. Mmoja alilia. Mwingine anaitwa Wairimu. Mama yake ameniruhusu nimtaje. Hii beji nimeivaa kwa ajili ya wote wawili, kwa sababu niliwafanyia kazi moja."

Niliona mkunga wangu, yule mkali, akivua miwani. Kisha mwanamke mmoja nyuma, muuguzi mzee, akasimama. Akasimama tu. Akasimama mwingine, na mwingine, mpaka nikaelewa kwamba kila aliyesimama alikuwa na wake ambaye hakuandikwa mahali.

Ndugu zangu, nimerudi leba. Naendelea vizuri, na wakunga wanasema bado naongea sana. Kwa mshauri wa chuo pia naenda, na sasa nina cha kumwambia. Kwa yule mvulana namshukuru Mungu. Kwa Wairimu namlilia yeye yule Mungu, na hajanifukuza kwa kulia wala kwa kuuliza. Nilikuwa nadhani nitoke kwanza kwenye kuchanganyikiwa ndipo nije kwake. Yeye alikuja akanikuta humo humo.

Kama uko hapa leo na una swali limekukaa kifuani, umeogopa kuliuliza kwa sababu hapa watu wote wanaonekana wana majibu, njoo nalo. Usingoje kuelewa. Mwamini ukiwa hivyo hivyo, kichwa kimezunguka. Hukataliwi.

Namaliza. Mgeni wangu amekaa pale nyuma, karibu na mlango, mwenye kitambaa cha kijani. Ni Njoki. Ameniambia hakuja kuokoka, amekuja kusikia jina la mtoto wake likitajwa kanisani. Limetajwa. Ibada ikiisha msimkimbilie wala msimhubirie. Msalimieni tu, na mkitaka, mwiteni Mama Wairimu.

Mungu awabariki.