Ngoy Umba Amelitoa Gari la Akina Mama Shimoni

Mwananchi Ngoy Umba, fundi mkuu wa karakana ya misheni hapa Kamina, ametumika miaka thelathini na mmoja. Alistaafu rasmi tarehe 30 Juni 1983. Tunamuaga leo, tarehe 23 Julai, kwa sababu alikataa kuagwa wakati gari la zahanati lilikuwa bado juu ya shimo la karakana, likitengenezwa.

Gari hilo ni Peugeot ya mwaka 1956, nalo huwachukua wajawazito wenye uchungu kutoka vijijini. Kila mwaka, kabla ya mvua, Ngoy alilipaka lami chini ili lisishike kutu. Lami mpya ilipakwa juu ya ile ya zamani, nasi sote tuliusifu unene wake. Mwezi wa Mei kipande kikubwa kilibanduka. Nyuma yake chuma kilikuwa kimelowa: lami iliyopasuka ilikuwa ikihifadhi maji.

Mama Ndaya, mkuu wa wauguzi, alikuja karakana akamwambia, "Baba Ngoy, pakala tu ingine juu, bamama banangojea!"

Jibu lilitoka chini ya gari. "Juu iko muzuri, Mama. Huku chini njo kuko lufu."

Mama Ndaya amewapokea watoto wengi. Hakutaka kifo kisafiri pamoja na mzazi, akarudi zahanati.

Ngoy alianza kwa kuondoa tangi la mafuta. Kisha alichota makaa kutoka mbabula, lile jiko la mkaa, kwa koleo, akayasogeza karibu na chuma mpaka lami ilegee, akaikwangua kwa kipande cha mti mgumu asitoboe bati. Boriti moja ya fremu ilikuwa imeliwa hata kidole kikapita. Aliikata, akaunga chuma kipya. Jioni mkewe, Mama Kabedi, alimwekea ndoo na sabuni nje. Hakuna lami iliyovuka mlango wake.

Desturi ya karakana yetu ni kwamba aliyelala chini ya gari ndiye hulipanda kwanza. Kwa hiyo leo Peugeot itawapeleka Ngoy na Mama Kabedi kwao Mulongo, kwa njia ile mbovu tuijuayo. Itakaporudi, Mama Ndaya ataipokea.

Baba Ngoy, tunakushukuru. Tunakutakia siku njema huko kwenu, na mgongo usiolala tena juu ya saruji.