Fomu Niliyosaini Bila Kusoma

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mbona mnaitika kama mmelazimishwa? Itikeni vizuri, maana leo nina jambo, na nusu yake ni aibu yangu mwenyewe.

Mnanifahamu, nauza spea za pikipiki pale Kwa Mathias. Siku wale watu wa kuchangisha damu walipokuja hapa kanisani, nilijitolea. Nikapewa fomu ndefu. Je, niliisoma? Thubutu! Nilisaini haraka haraka, macho yangu yako kwenye soda na biskuti. Kumbe nimekubali kwamba damu yangu ikikutwa na ugonjwa wa kuambukiza, nitaitwa, na watu wa afya wa wilaya watajulishwa.

Baada ya wiki mbili nesi akaanza kunipigia. Namba ngeni, sauti laini: "Kaka, majibu yako yametoka, njoo hospitali." Nikasema matapeli hao! Nikamtukana, nikaifungia namba yake. Jamani, ujinga mwingine hata shetani hahusiki!

Wakati huo mke wangu ana mimba ya kwanza, mwezi wa tisa, yuko Chole, kule Kisarawe, kwa mama yake. Kwao tumbo la kwanza linalelewa kwa mama.

Siku moja bwana afya wa wilaya akanifuata dukani, akanivuta pembeni. "Una virusi vya homa ya ini," akasema. "Mkeo yuko wapi?"

Ndugu zangu, niliwaka! Nani kawapa ruhusa ya kutembeza siri yangu maofisini? Akatoa nakala ya ile fomu. Sahihi yangu hiyo, imekaa vizuri kabisa.

"Sikuja kukuaibisha," akaniambia. "Kama mkeo naye anavyo, mtoto asipochanjwa ndani ya siku moja baada ya kuzaliwa, anaweza kuishi navyo maisha yake yote."

Nikamtajia haraka kijiji alipo mke wangu. Nesi wa watu alikuwa ananipigia kwa ajili ya mwanangu, mimi namwita tapeli!

Bwana afya akampigia mwenzake wa Kisarawe pale pale. Mke wangu akapimwa: anavyo. Chanjo ikapelekwa zahanati ikamsubiri mtoto. Mke wangu akajifungua baada ya siku nne, mtoto akachanjwa siku hiyo hiyo. Siku nne tu! Ningeendelea na ubishi wangu, leo ningekuwa nasimama hapa kulia.

Na ninyi mnaonong'ona huko mtaani Misugusugu kwamba nina ugonjwa wa uzinzi, nimewachoka! Virusi hivi mtu anaweza hata kuzaliwa navyo. Mimi na mke wangu tunahudhuria kliniki, tunaendelea vizuri. Badala ya kunijadili, nendeni mkapime.

Wiki iliyopita mtoto alitimiza mwaka, akapimwa. Nilishindwa hata kumwangalia daktari usoni. Hana, ndugu zangu! Hana kitu! Mwanaume mzima nililia mbele ya watu, na sioni haya.

Namshukuru Mungu, aliyemtuma bwana afya kwa mtu mbishi kama mimi. Mwaminini Mungu, na mkiitwa hospitali, nendeni. Mke wangu, simama mama, mnyanyue mtoto juu watu wamwone.