Aliyemsalimia Kipepeo Mzito

Habari hii alinipa shoga yangu muuza kahawa, na yeye hakuwa mtu wa kuongeza chumvi. Kuongeza chumvi alikuwa anawaachia wateja wake. Jiko lake aliliweka kwenye baraza la fundi cherehani, kando ya mashine ya kusaga, na hapo palikuwa na benchi moja refu, mguu mmoja umetiwa kigae ili lisichezecheze. Watu wa benchi lile walikuwa na ugonjwa mmoja: salamu za redioni. Nyie mmezaliwa simu ziko mikononi, hamjui. Wakati ule unanunua kadi, unaandika majina ya unaowasalimia, unaipeleka redioni, jioni mtangazaji anaisoma na mji mzima unasikia. Na jina la nyumbani hulitumii, unajipa la redioni. Kinyozi alijiita Wembe wa Moto. Fundi cherehani, mwanamke mwenye mdomo kuliko mkasi wake, alijiita Malkia wa Uzi. Babu mmoja aliyestaafu posta alijiita Mzee Mawimbi. Halafu kulikuwa na mmoja ambaye hakuna aliyewahi kumtia machoni, anajiita Kipepeo Mzito. Huyo kila jioni anawasalimia wote watatu, mmoja mmoja, kisha anamalizia: "Na mama wa kahawa naye asisahaulike." Sasa jioni moja mtangazaji kasoma kadi mbili tatu, kakohoa, kasema Kipepeo Mzito amefariki ghafla, maziko kesho alasiri, msiba uko nyuma ya mashine ya kusaga. Kulipokucha, benchi likajaa mapema.

— Mashine ya kusaga ipi? — akauliza Malkia wa Uzi. Siku hiyo cherehani hata kifuniko hakukitoa. — Hii hii yetu?

— Kwani wewe unaijua nyingine? — akasema Wembe.

— Haiwezekani. Mtu mkubwa vile akae huku kwetu kwenye vumbi la pumba?

— Mkubwa umempima lini?

— Wee Wembe, usinichokoze, nina msiba. Mtu anajiita Mzito, unataka awe mwembamba kama wewe? Yule alikuwa jitu la kushona suti kwa vitambaa viwili. Na pesa alikuwa nazo. Na mimi alikuwa ananipenda.

Mzee Mawimbi kahawa ikampalia.

— Anakupenda! Amesema wapi?

— Nani alikuwa anatajwa wa kwanza kila siku? Si mimi? Mwanamume hamtangulizi mwanamke bure bure, mzee wangu. Nilikuwa nasubiri tu ajitokeze. — Akajifuta macho kwa kipande cha bitana. — Sasa ndiyo kajitokeza hivi.

Alikuwa analia kweli. Shoga yangu akamwongezea kahawa bila kuulizwa.

— Pole, binti yangu — akasema Mzee Mawimbi. — Lakini unajidanganya. Mimi nimekaa posta, nawajua watu kwa mwandiko wa mambo yao. Mtu asiyekosa hata jioni moja, hataki aonekane, hataki aulizwe, huyo ni hakimu.

— Hakimu!

— Hakimu, ndiyo. Mchana kutwa anafunga watu. Nani atamsalimia njiani? Basi jioni anajificha kwenye redio, na yeye apate binadamu wa kumwambia habari yako.

— Babu, leo umeamka vibaya — akasema Wembe. — Hakimu ajiite Kipepeo? Sikilizeni niwaambie. Kipepeo anafanya nini? Anaruka. Sasa kitu kizito kinachoruka ni nini?

Wakamtazama.

— Ndege! Ndege ya abiria! Yule alikuwa rubani. Kadi anaziandika huko huko juu.

— Na posta ya huko juu iko wapi? — akauliza babu wa posta.

— Anazidondosha.

— Anazidondosha wapi, we mtoto? Zikiangukia ziwani?

— Ndiyo maana nyingine hazisomwi!

Malkia wa Uzi akacheka huku analia, akampiga Wembe begani. Wembe akaona amepata wasikilizaji, akazidi.

— Na mimi nawaambia kitu kingine. Hajafa. Mtu wa salamu hawezi kuondoka bila kuaga. Yule alikuwa mtu wa kusema "kwaherini hadi kesho" kila siku. Juzi alisema nini? Alisema hadi kesho. Basi anatupima. Yuko mahali anasikiliza nani atalia.

— Acha hizo, Wembe — akasema shoga yangu, na yeye alikuwa haongei sana. — Mtangazaji hawezi kutania kifo.

— Mama wa kahawa, mimi nasema tu.

— Sema basi hili: alasiri mnakwenda au hamwendi?

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba, wajukuu zangu. Maneno yote yale ya hakimu na rubani walikuwa wanazungukazunguka tu wasifike hapo. Mzee Mawimbi akakuna kidevu.

— Twende tukamlilie nani? Sura hatuijui. Sauti hatuijui. Jina lake la nyumbani hatulijui.

— Na tukifika mlangoni — akasema Malkia wa Uzi — wenye msiba watatuuliza, nyie ni nani wa marehemu. Mimi nitajibu nini? Mimi ni Malkia wa Uzi? Si watanitoa kama mwizi wa vyombo.

— Unasema ni mteja — akasema Wembe.

— Mteja wa nini?

Wembe akapangusa benchi kwa kiganja. Na yule hakukosa la kusema hata siku aliyomkata mteja sikio.

— Tukae hapa hapa — akasema Mzee Mawimbi, polepole. — Tumwombee. Jioni tutatuma kadi ya rambirambi. Redioni ndiko tulikojuana, na redioni tuagane.

Shoga yangu alitaka kuwaambia ni aibu, nyumba iko nyuma hapo, ukirusha jiwe linafika. Lakini kabla hajafungua mdomo, akaja mwanamke mmoja wa makamo, kitenge amekifunga kiunoni, macho yamevimba. Akasimama mbele ya benchi.

— Hamjambo jamani. Hili ndilo benchi la watu wa salamu?

— Ndilo, mama, karibu — akasema Wembe. — Ukae nikunyoe au unatafuta kushona?

— Mimi ni dada yake Kipepeo Mzito.

Wote wakainuka. Benchi likainama upande wenye kigae, vikombe vikateleza, shoga yangu akaviwahi. Wakampa pole, kila mmoja kwa namna yake, wakamkalisha katikati. Shoga yangu akamtilia kahawa, naye akaishika tu, hakuinywa.

— Pole sana, mama — akasema Malkia wa Uzi. — Ilikuwaje?

— Alikuwa kazini. Akashika kifua, akakaa chini. Kazi yake ni kupiga pasi nguo za watu, pale chumba cha uani tulichopanga. Pasi aliiwahi kuiweka kwenye kigae chake, hata shati la mteja halikuungua. Nilipotoka jikoni, nikamkuta kaegemea ukuta.

— Alikuwa anapiga pasi? — akauliza Mzee Mawimbi, kama vile hakusikia vizuri.

— Miaka yote. Mbona mnamjua. Alikuwa anapita upande ule wa barabara, mashati yamening'inia kwenye henga, ameyabeba juu hivi yasiguse vumbi.

Malkia wa Uzi akaweka mkono mdomoni.

— Yule mwembamba? Anayeinamisha kichwa?

— Ndiye huyo.

— Anapita hapa kila siku! Mbona hakuvuka hata siku moja?

Dada mtu akatabasamu kidogo.

— Ana kigugumizi, mama. Alikuwa nacho. Neno "shikamoo" peke yake linaweza kumtoa jasho. Watu wanasubiri, wengine wanamalizia wao, wengine wanacheka. Akaacha. Lakini kwenye kadi hakuna anayemsubiri. Akirudi ananiambia kwa raha zake: leo Wembe amechangamka, leo Malkia amevaa kijani, babu leo simwoni, sijui anaumwa? Mama wa kahawa anapuliza jiko, moshi unamwingia machoni. Basi anakaa, anaandika kadi.

Wembe alikuwa amekodolea macho ardhi.

— Nilimnyoa — akasema.

— Nani?

— Huyo huyo. Nilimnyoa si mara moja. Namwongelesha, ananitikisia kichwa tu. Nikasema moyoni, huyu anajiona sana. Kumbe...

Mwanamke yule akamshika mkono.

— Alikuwa anafurahi ukimnyoa. Anasema Wembe hangoji mtu ajibu.

Jamani. Hawakujua wacheke au walie. Mzee Mawimbi akatoa kitambaa, akapenga kamasi kwa kishindo.

— Sasa mama, tukusaidie nini? — akauliza.

— Nimekuja kwa jambo moja tu. Yeye kila jioni salamu zikianza anaisimamisha kazi. Aliwahi kuunguza suruali ya mtu kwa kusikiliza, toka hapo pasi inawekwa pembeni. Anakaa karibu na redio mpaka mwisho, asikilize kama na yeye atatajwa. Mimi nilikuwa namcheka: kaka, we unangoja nini hapo? Ananiambia, huwezi kujua. Siku moja nikamtuma kurudisha nguo za mwalimu wa mtaa wa juu. Aliporudi, jirani akatoka nje mbio, anamwambia: leo umesalimiwa! Nimesikia kwa masikio yangu, "Kipepeo Mzito, popote ulipo." Na nani? Jirani hakushika jina. Mtoto alikuwa analia, sufuria inachemka, akashika hilo tu. Kaka yangu alipagawa. Usiku ule hakula kwa furaha. Ikawa ndiyo habari yake: dada, sijui alikuwa ni nani? Sijui ni babu? Sijui ni Malkia? Anapita hapa anawatazama nyuso, anataka ajue, kuuliza hawezi.

Akaweka kikombe chini.

— Sasa leo jeneza litabebwa. Nyuma majirani wapo. Mbele namtaka huyo aliyemsalimia. Ndugu wengine hatuna. Kwa hiyo nimekuja kuuliza: ni nani kati yenu?

Shoga yangu aliniambia, hapo mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, lakini ni kama ilizimwa.

Dada mtu akamtazama Malkia wa Uzi. Malkia akatazama mikono yake.

— Kadi ina mistari michache, mama — akasema. — Nilikuwa... nilikuwa nawaweka hawa. Na watangazaji. Kila siku nasema kesho nitamweka.

Akamtazama Mzee Mawimbi.

— Mimi nilijua hawa wanamtaja — akasema babu. — Nikaona nisirudie jina.

Akabaki Wembe. Shoga yangu anasema alishika birika kwa mikono miwili, akasema moyoni: haya Wembe, umetudanganya mambo ya marubani na ndege, leo hii uongo wako una kazi. Mdanganye huyu dada. Sema ni wewe. Nani atajua? Mwenyewe yuko ndani ya sanduku, na huyu atapata usingizi.

Na Wembe akafungua mdomo kweli.

— Dada — akasema. — Dada, siku ile...

Mwanamke yule akainua uso, na uso wenyewe ukawa umeng'aa.

Wembe akauona uso ule.

— Siku ile sikuwa mimi. Ningependa niwe mimi.

— Basi mama wa kahawa? — akauliza dada mtu.

Shoga yangu akatikisa kichwa. Yeye hata kadi alikuwa hanunui, alikuwa msikilizaji tu.

— Basi atakuwa nani?

Benchi zima watu wa maneno, na hakuna aliyejibu. Mzee Mawimbi akainua kikombe chake kujificha, kumbe hakina kitu. Akamnyooshea shoga yangu. Shoga yangu akainamisha birika, likatoa machicha.

— Imekwisha — akasema.

Ndipo Malkia wa Uzi akainuka, akavuta mlango wa duka lake akatia kufuli. Wembe akavua aproni yake ya kunyolea, akaikunja vizuri vizuri kama mtu anayejua itatazamwa na mpiga pasi.

— Twende, dada — akasema. — Hata kama sio sisi.

Wakaenda. Na alasiri shoga yangu aliona kwa macho yake jinsi walivyobeba. Nyuma majirani walishika, hawakubanduka. Lakini ile nafasi ya mbele, aliyoitaka dada mtu, hakuna aliyethubutu kuimiliki. Wembe anashika hatua chache, anampisha Mzee Mawimbi. Mzee Mawimbi anashika, anampisha fundi wa mashine ya kusaga. Mpaka Malkia wa Uzi naye akaingiza bega, na hakuna aliyemzuia. Wakawa wanapokezana hivyo njia nzima, wanaiacha kwa upole, kama watu wanaokaa kwenye kiti cha mtu aliyetoka mara moja na atarudi.

Unaniuliza alikuwa nani? Mimi nitajua wapi, mjukuu wangu? Shoga yangu mwenyewe alimtafuta mpaka akazeeka, kila anayekuja kunywa kahawa anamuuliza, na hakumpata. Huenda alikuwa mji wa mbali, hata habari ya kifo hakuipata, na mpaka leo anadhani Kipepeo Mzito yupo, anaandika kadi.

Haya, sogeeni huko, mwenzenu apate shuka. Semeni usiku mwema, na semeni kwa majina, msimruke hata mmoja. Laleni sasa.