Mlango wa Nyuma wa Hoteli ya Mjomba

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kifunguamimba wangu zima hiyo redio, maana sauti yangu haina tena nguvu ya kushindana na mtangazaji. Nipandishieni mto kidogo. Hapo hapo. Daktari ameniambia ukweli, nami nimempenda kwa hilo, kwa hiyo msinidanganye kwamba wiki ijayo nitakuwa ofisini nikipanga safari za watu.

Nyumba hii ni yenu wote watatu, haiuzwi. Gari la baba yenu alichukue kifunguamimba, kwa sharti kwamba aliendeshe kama mwenyewe alivyoliendesha: taratibu, mbali na wanyama, na wageni wakidai wasogezwe wapige picha, azime injini awaambie kwamba mnyama naye yuko kwake na hakutualika. Baba yenu alikuwa akiwaambia hivyo huku anatabasamu, wakacheka, wakatulia. Ninamkumbuka sana mtu yule. Shati lake lililokunjwa kabatini, lile lenye harufu ya dizeli na vumbi, msilifue wala msimpe mtu.

Ofisi, vile vyumba viwili vya mtaani na feni yake inayolalamika, ninamwachia binti yangu, na kitindamimba amsaidie. Meza na viti mtanunua vingine, ila neno letu likishaharibika hakuna duka linaloliuza. Mtu ambaye hajawahi kufika huku anatuuliza alale wapi, apande gari la nani, atembezwe na nani, nasi tukimjibu anatuamini. Tukimpeleka pabaya, pesa yake inakwenda kulisha ubaya na yeye hana habari. Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenye hoteli anenepe.

Mnaijua desturi yangu, na mmeicheka mpaka mmechoka: sijawahi kumpeleka mgeni mahali ambapo sijalala mwenyewe, na silali chumba cha mgeni, ninalala wanakolala wafanyakazi. Ninaingia kwa mlango wa nyuma. Ninaangalia maji ya kufulia yanaelekea wapi na takataka zinatupwa wapi, ninamuuliza mwosha vyombo mara ya mwisho alikwenda likizo lini, na kama mtoto wake akiugua anaruhusiwa kwenda kumwona, kisha ninatembea mpaka kwa majirani niwaulize hoteli hii imewaletea nini zaidi ya kelele za muziki. Kibao cha mbele sikisomi. Rangi ya kijani inauzwa dukani, na yeyote mwenye brashi anaweza kuchora jani. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi kinajitembeza kikisema kinapenda miti.

Sasa mjomba wenu. Msitazamane, ninajua mlikuwa mnangoja nifike hapo. Alipofungua hoteli yake kando ya ziwa alinialika, akanitandikia chumba cha juu chenye dirisha linalotazama maji, nami nikamwambia, kaka, nionyeshe wasichana wako wa kazi wanalala wapi. Alidhani ninamtania. Nikalala nao stoo, juu ya maboksi ya sabuni, dirisha lenyewe halifunguki, na kulipokucha nikatoka nje nikaona bomba linamwaga povu kwenye matete, pale pale aliponifundisha kuogelea tukiwa watoto, amenishika kidevu, akiniambia usiogope mdogo wangu, sikuachi. Na kule juu, bafuni kwa wageni, kulikuwa na karatasi inayowaomba watumie taulo mara mbili ili kuliokoa ziwa.

Nikamwambia, ondoa bomba lile, wape hawa chumba cha watu, nami nitakuletea wageni mpaka ukose vitanda. Akanijibu mbele ya watu kwamba nimemdhalilisha, dada gani huyo anafika kwa kaka yake halafu anakwenda kulala stoo kama mwizi. Tangu hapo hajakanyaga hapa. Nami haijapita siku sijamkumbuka. Ninatamani kicheko chake kile cha kukohoa, na uchokozi wake wa kuninyang'anya kipande cha mwisho sahanini. Mlango ukigongwa jioni moyo unaruka, kumbe ni muuza maziwa.

Juzi ametuma neno kupitia kwako, kifunguamimba. Nilikusikia ukimnong'oneza dada yako. Ugonjwa uko kifuani, masikio ni mazima. Kwamba atakuja kuniona, ila kwanza ofisi ianze kumpelekea wageni. Nawe ulikuwa umeshakubali, ukasema damu nzito kuliko maji, acha mama aondoke na moyo mweupe. Sikulaumu, mwanangu, ni mapenzi hayo. Hata mimi nililiwaza, nikaliona tamu. Ningemwona. Ningemshika mkono. Lakini kitindamimba amekwenda kule kwa niaba yangu, akapita nyuma, na wasichana bado wanalala stoo, na bomba lipo. Siwezi kuagana na kaka yangu kwa gharama ya watu wale.

Kwa hiyo shikeni hili. Msimpelekee mgeni hata mmoja mpaka binti yangu alale kule nyuma, aamke aseme panalalika. Siku hiyo ikifika, mgeni wa kwanza awe wake, na msimkumbushe ya zamani. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, kwa hiyo ugomvi huu si urithi wenu. Akija msibani mpeni kiti cha mbele, ni mjomba wenu.

Nipe maji... kidogo tu. Inatosha.

Mungu awape safari zisizoacha kilio nyuma yake. Awape wageni wenye shukrani, na usingizi mwema popote mtakapolala. Nimewabariki wote watatu... hata mlionicheka.

Mpigieni mjomba wenu sasa hivi, nikiwa ninasikia. Mwambieni jibu ni hapana. Halafu, kabla hajakata... mwambieni mdogo wake anamwomba aje. Si kwa biashara. Aje tu... mwambieni aje tu.